Kodi ya Miezi Sita, Dozi ya Miezi Sita

Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, na minne ya dawa mbili. Kodi ya chumba katika sehemu kubwa ya Dar es Salaam nayo hudaiwa kwa miezi sita, ikilipwa kwa mkupuo kabla mpangaji hajaingiza godoro lake ndani. Kwa miaka mingi niliyohudumu katika kliniki ya kifua kikuu nilizichukulia hesabu hizi mbili kuwa hazihusiani. Leo naamini zinahusiana sana, na kwamba sisi tulio upande wa tiba tumekaa kimya mno katika mjadala wa kodi ya pango, tukiwaachia wanasheria, wachumi na madalali.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Alifika kwetu akihema, akaanza dawa, na kufikia mwezi wa tatu alikuwa amenenepa na kikohozi kimetulia. Mwezi wa nne hakutokea. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikwenda kumtafuta katika nyumba aliyoiandikisha, akakuta chumba kina mpangaji mwingine. Simu haikupatikana. Katika daftari tuliandika kama utaratibu unavyotaka, kwamba amepotea katika ufuatiliaji. Na baadhi ya watumishi, kwa mazoea ya zamani ambayo hayajafa, walimwita mtoro.

Alirudi baada ya miezi mitatu hivi, amekonda kuliko siku ya kwanza. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kodi ilikuwa imekwisha. Mwenye nyumba alipandisha kutoka shilingi 50,000 hadi 70,000 kwa mwezi, na alitaka ya miezi sita. Hakuwa na shilingi 420,000. Alihamia kwa dada yake pembezoni mwa jiji, akalala chumba kimoja na watoto wanne wa dada huyo. Aliamini kwamba angekwenda kliniki wiki iliyofuata, nauli ikipatikana. Tulipowapima watoto wale, mmoja wao ilibidi naye aanzishiwe dawa.

Neno mtoro halikumfaa hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni rahisi, lakini inafaa kuiandika, kwa kuwa wengi wetu tunaipitia kila mwaka bila kuitazama. Chukua chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 480,000. Dalali anadai kodi ya mwezi mmoja. Jumla inakuwa 560,000. Kwa mtu mwenye kipato cha siku kwa siku, hiyo ni akiba aliyoikusanya kwa kujinyima, na mara nyingi ni mkopo wa kikundi au wa riba ya mtaani. Fedha hiyo ikishatoka, nyumbani hakuna akiba iliyobaki ya ugonjwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini, na zile za kufubaza virusi vya UKIMWI pia. Nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea havitolewi bure. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa familia imeelemewa na gharama za kifua kikuu pale gharama hizo zinapozidi asilimia 20 ya kipato chake cha mwaka. Mpangaji aliyelipa kodi juzi anakikaribia kiwango hicho kabla hajaandikiwa kipimo.

Na si mgonjwa peke yake. Muuguzi kijana anayeajiriwa na kupangiwa kituo katika jiji anatakiwa awe na kodi ya nusu mwaka kabla ya mshahara wake wa kwanza. Wagonjwa wanaotoka mikoani kwa tiba ya mionzi, wanaohitaji kukaa karibu na hospitali kwa wiki kadhaa, huambiwa kwamba chumba hakipangishwi chini ya miezi sita. Basi huishia nyumba za wageni zinazotoza kwa usiku, hadi fedha zinapokwisha na wao kurejea nyumbani kabla ya wakati.

Hapa niseme jambo dogo kuhusu lugha yetu. Kiswahili hutumia neno moja, kodi, kwa kile kinacholipwa Serikalini na kile kinacholipwa kwa mwenye nyumba. Walioliunganisha hivyo huenda walijua walichokifanya: yote mawili mtu huyalipa bila kuulizwa kama anaweza. Tofauti ni kwamba kodi ya Serikali hutangazwa bungeni kila mwaka na kujadiliwa hadharani. Kodi ya pango hutangazwa mlangoni, jioni, kwa mdomo.

Haikuwa hivi siku zote. Tanzania iliwahi kuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango, toleo la mwisho likiwa la mwaka 1984, na mabaraza ya kuamua kiwango cha haki. Kabla ya hapo, mwaka 1971, Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Wenye umri wangu wanaikumbuka kodi ya nyumba za Msajili: ilikuwa ndogo, na ilibaki ndogo wakati bei ya saruji, rangi na mabomba ikipaa. Wanakumbuka pia ngazi zisizo na taa, lifti zilizokufa, na maji taka yakichuruzika ukutani. Sheria ile ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wamebaki na mkataba wao, ukiwa upo.

Wanaopinga udhibiti wa kodi huanzia kwenye kumbukumbu hiyo, na wana haki. Daktari hawezi kuibeza. Jengo lisilokarabatiwa lina madhara kwa afya kama vile chumba kilichojaa watu. Kila msimu wa masika tunawaona watoto wa kuhara wanaotoka katika nyumba ambazo shimo la choo limejaa na gari la maji taka halijaitwa, kwa kuwa kulileta ni gharama. Ikiwa sheria itamnyima mwenye nyumba fedha ya kunyonya choo, tutakuwa tumempunguzia mpangaji kodi na kumwongezea kipindupindu.

Lakini kufungia kodi na kuipa uthabiti ni mambo mawili tofauti. Kufungia ni kusema kwamba kodi ya leo ndiyo ya kesho na ya mtondo. Uthabiti ni kuiruhusu kodi ipande, ila kwa kiasi kinachojulikana mapema, mara moja kwa mwaka, kikifuata mwenendo wa bei za vitu vingine. Uganda ilichagua njia hii katika sheria yake ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022, iliyoweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka. Kenya ina sheria ya zamani ya kudhibiti kodi na baraza lake, lakini ukomo wake uliandikwa kwa shilingi: inazilinda nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Bei zimekwenda zake na kuiacha namba hiyo nyuma, na wapangaji wengi wa Nairobi wako nje ya ulinzi huo. Anayeandika sheria ya aina hii leo aandike asilimia, asiandike shilingi.

Yapo mafunzo ya mbali zaidi ambayo yafaa kuyasoma kwa makini, kwa kuwa waliotangulia wamekosea kwa niaba yetu. Mwezi Novemba 2021 wapiga kura wa jiji la St. Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walipitisha ukomo wa asilimia 3 kwa mwaka. Ulikuwa mkali: ulihusu nyumba zote, hata ambazo hazijajengwa, na haukulegezwa hata mpangaji mmoja alipoondoka na mwingine kuingia. Maombi ya vibali vya ujenzi yalishuka upesi. Mwezi Septemba 2022 baraza la jiji lililazimika kurekebisha, likazisamehe nyumba mpya kwa miaka 20, na baadaye likalegeza zaidi. Katika San Francisco, ambako udhibiti ulipanuliwa mwaka 1994 na kuzihusu nyumba ndogo za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1980, wachumi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliofuatilia miaka iliyofuata walikuta picha yenye pande mbili. Wapangaji waliolindwa walibaki katika makazi yao zaidi kuliko wasiolindwa, hususan wazee na waliokwisha kukaa muda mrefu. Wenye nyumba walioguswa, kwa upande wao, walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wakiziuza au kuzigeuza kwa matumizi mengine, na kodi ya jiji zima ikapanda kwa takribani asilimia 5.

Mchumi akisoma matokeo hayo hukazia macho sehemu ya pili. Mimi nikisoma kama tabibu, sehemu ya kwanza hunizuia kugeuza ukurasa. Kubaki mahali pamoja ni nusu ya tiba ya maradhi sugu. Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anayebaki mtaani kwake anajulikana na kituo chake. Faili lake lipo. Jirani anajua kwamba akianguka apelekwe wapi. Mwenye virusi vya UKIMWI aliyekwisha kumwamini mshauri mmoja hana haja ya kuanza upya kujieleza mbele ya mgeni. Mwenye kisukari anayetumia insulini amepata jirani mwenye jokofu, au amezoea kuihifadhi katika chungu chenye ubaridi. Akihamishwa ghafla, huanza kwa kupoteza hicho. Sisi huliita jambo hili ufuasi wa dawa na kumlaumu mgonjwa anaposhindwa. Sehemu kubwa yake ni anwani.

Sitaki, hata hivyo, kuandika kana kwamba mwenye nyumba ni adui wa afya. Katika Dar es Salaam mwenye nyumba si kampuni kubwa mara nyingi. Miongoni mwa wagonjwa wangu yumo mjane mwenye kisukari, anayemiliki nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Anaishi katika viwili na kupangisha vinne. Nilimuuliza kwa nini anataka kodi ya miezi sita. Alinijibu bila kuficha. Kodi ya mwezi kwa mwezi, alisema, ni kugonga milango minne kila mwisho wa mwezi na kupewa ahadi; ya miezi sita ni bati za kuezekea uani, ni ada ya mjukuu, ni dawa zake. Benki haimkopeshi, kwa kuwa kiwanja chake hakijapimwa. Wapangaji wake ndio benki yake.

Jibu hilo lilinipa kazi. Kwa makadirio ya kawaida, watu wapatao asilimia 70 wa jiji hili, ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu milioni 5.4, wanaishi katika maeneo yaliyojengwa bila mpango, katika nyumba za watu kama yeye. Sheria itakayomkamua mjane huyo itawafanya wenzake waache kuongeza chumba uani, na vyumba vya uani ndivyo vinavyoihifadhi sehemu kubwa ya jiji. Kwa hiyo ninapounga mkono uthabiti wa kodi, naunga mkono ule ambao mjane yule anaweza kuishi nao.

Ningeanza na malipo ya awali, kabla hata ya ukomo wa kupanda. Kinachovunja tiba, kwa nilivyoona, ni ule mkupuo kuliko kiwango chenyewe. Mama muuza samaki angeweza kulipa 70,000 za mwezi mmoja kwa shida. 420,000 hakuwa na njia ya kuzipata. Malipo ya awali yakiwekewa mwisho wa miezi miwili au mitatu, mwenye nyumba bado anapata dhamana, na mpangaji anabaki na kitu mfukoni. Suala hili limekwisha kujadiliwa bungeni zaidi ya mara moja, na kila mara limerudi kulala. Mitandao ya simu leo inawezesha kodi kulipwa hata kwa wiki bila mtu kugonga mlango, na hilo linapunguza sehemu kubwa ya hofu ya mjane wangu, ingawa halimpi bati zake kwa mara moja. Hapo tuseme kweli: kuna kitu atakipoteza. Vyama vya akiba na mikopo vinavyokubali mapato ya pango kama dhamana vingemfaa kuliko pole zetu.

Baada ya hapo, ukomo wa ongezeko la mwaka unaofuata mfumuko wa bei, na nyumba mpya zisamehewe kwa muda wa kutosha ili mjenzi asikimbie, kama St. Paul ilivyojifunza kwa gharama. Ongezeko la juu zaidi liruhusiwe kwa anayeboresha: aliyeongeza dirisha la pili, aliyeweka nyavu za mbu, aliyejenga choo cha kuvuta, aliyeingiza maji ya bomba. Afisa afya wa kata athibitishe kwa macho. Tunao maafisa hao. Leo huja na faini tu, wangeweza kuja pia na cheti kinachompa mwenye nyumba haki ya kuongeza kodi kidogo. Chumba chenye madirisha mawili yanayopishanisha hewa ni kinga dhidi ya kifua kikuu ambayo haihitaji bajeti ya Wizara.

Ukomo huo utakuwa kazi bure ikiwa mpangaji anaweza kufukuzwa bila sababu. Palipo na ukomo, mwenye nyumba hupata kishawishi cha kumtoa wa zamani ili apange upya bei kwa mgeni, na wa kwanza kutolewa atakuwa anayekohoa. Nimewahi kuletewa kijana aliyetolewa chumbani kwa sababu alionekana akimeza vidonge. Mwenye nyumba wake hakuwa na roho mbaya, aliogopa wanawe. Hakuna aliyemweleza kwamba mgonjwa aliyeanza dawa zinazofaa na kuzimeza ipasavyo kwa kawaida hupunguza sana kuambukiza ndani ya wiki chache za mwanzo, na kwamba wa kuogopwa zaidi ni yule ambaye bado hajapimwa. Notisi ya maandishi, yenye sababu na muda wa miezi kadhaa, ingetupa sisi nafasi ya kufika na kuyasema hayo.

Nani asimamie? Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yapo, lakini yamejaa mashauri, na mtu anayedaiwa kodi ya chumba hana siku za kwenda huko na kurudi. Serikali ya mtaa iko karibu zaidi. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina tayari husuluhisha ugomvi wa aina hii kila juma, bila mwongozo, wakitumia busara na mara nyingine wakielekea kwa mwenye nguvu. Halmashauri ingeweza kuanzia hapo: mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosainiwa mbele ya ofisi ya mtaa, nakala ikabaki pale. Najua wenye nyumba watahofia kwamba nakala hiyo itawaleta wakusanya mapato. Hofu hiyo ni ya kweli na haitaondolewa kwa hotuba. Halmashauri itabidi iseme waziwazi, tena kwa maandishi, daftari hilo litatumika kwa nini na halitatumika kwa nini.

Sheria huchukua muda, na wagonjwa wanakuja kesho asubuhi. Kwa hiyo nawaomba wahudumu wenzangu jambo moja lisilohitaji Bunge. Tunapomwandikisha mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu tunamuuliza anaishi na watu wangapi na chumba kina madirisha mangapi. Tuongeze: kodi yako inakwisha lini? Tuiandike tarehe hiyo kwenye kadi, karibu na tarehe ya kurudi. Mwezi mmoja kabla yake tuulize kama atabaki au atahama, na kama atahama tumwandikie barua ya uhamisho na kumpigia mwenzetu wa kituo cha pili. Nawe msomaji ambaye ni mgonjwa, usione haya kuyaeleza mambo ya nyumba kliniki ukidhani si mahali pake. Ukilipa, dai risiti au ujumbe wa simu unaoonyesha umelipa. Ukiona unahamishwa, njoo kabla ya kufunga mizigo, na dawa zako uzibebe mkononi, zisipakiwe pamoja na vyombo. Ukishindwa kuja, mtume mtu.

Mama muuza samaki alipimwa upya, usugu haukuonekana, akaanzishiwa dozi tangu mwanzo. Sasa amepanga tena, chumba kidogo chenye dirisha moja, na mwenye nyumba alikubali miezi mitatu baada ya maombi mengi. Kadi yake ninayo hapa mezani. Kodi yake inakwisha Februari. Dozi yake inakwisha Machi. Barua ya uhamisho tumekwisha kuiandika na kuiweka ndani ya faili, bado haijatiwa tarehe.